Uuguzi wa Miaka Miwili na Ugomvi Usiokwisha

Mwaka 2026 unatimiza robo tatu ya karne tangu ichapishwe tasnifu ya bibi mmoja mzaliwa wa Iowa, jina lake Mildred Montag, mintarafu ya elimu ya wauguzi, aliyoiandika katika Chuo cha Walimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York. Na katika halaiki ya wauguzi waliopata riziki na heshima kwa njia aliyoifungua bibi huyo, wakiwamo ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Uganda waliolowea Marekani, ni wachache mno, kwa kadiri nionavyo, wawezao kulitaja jina lake. Hii ndiyo taksiri ya kwanza itakayotajwa katika makala haya, wala si ya mwisho.

Msichana aliyetaka kuwa muuguzi katika Marekani ya miaka ya 1930 aghalabu hakwenda chuo. Alikwenda hospitali, akakaa bwenini miaka mitatu chini ya jicho la bibi mkuu asiyependa mzaha, na ada yake akailipa kwa jasho. Alisafisha vyombo vya haja vya wagonjwa, alichemsha mabomba ya sindano ya kioo, alikesha zamu ya usiku na wodi nzima mikononi mwake, kisha akaingia darasani akisinzia mbele ya daktari aliyekuja kufundisha alipopata nafasi. Hospitali ilijipatia watumishi pasipo mshahara, na jambo hilo likaitwa mafunzo. Siwadharau waliofuzu huko, kwani walitoka wauguzi hodari. Bali uhodari wao ulitokana na ustahimilivu wao zaidi kuliko mpango wa masomo.

Vita Kuu ya Pili ilitikisa desturi hiyo. Mwaka 1943 serikali, kwa sheria iliyoongozwa na mbunge Frances Payne Bolton, ilianza kugharimia mafunzo ya wauguzi kwa wingi, na mwaka huo huo Montag alianzisha shule ya uuguzi katika Chuo cha Adelphi, Long Island. Vita vilipokwisha uhaba haukwisha: hospitali mpya zilijengwa, wauguzi wakaolewa na kuacha kazi, na mwaka 1948 Esther Lucile Brown, katika ripoti mashuhuri, akashauri elimu ya uuguzi iondolewe mikononi mwa hospitali na kutiwa vyuoni.

Montag akaenda mbele zaidi. Rai yake, iliyotoka mwaka 1951, ilikuwa nyepesi kusema na nzito kutenda: kwamba kazi za uuguzi hazilingani, kwamba zipo zitakazo mtu wa kupima mambo mengi na kuyaamua, zipo zinazomtosha msaidizi, na baina ya hizo zipo nyingi zaidi, zitakazo mtu mwenye ustadi wa mikono na maarifa ya kutosha, na kwamba mtu huyo wa katikati aweza kuelimishwa kwa miaka miwili tu, maadamu anafundishwa katika chuo cha jumuiya, yaani chuo cha miaka miwili cha watu wa mahali, na walimu wenye kazi hiyo, wala hatumikishwi kwa jina la masomo. Elimu hiyo, kwa nia yake, ilikuwa kamili yenyewe. Hakuikusudia kuwa kipandio cha kufikia shahada kubwa zaidi.

Mwaka 1952 mfadhili aliyeficha jina lake alitoa dola 110,000, na rai hiyo ikajaribiwa kwa miaka mitano katika vyuo saba na hospitali moja. Weber, huko Ogden katika jimbo la Utah, kilikuwamo. Orange County, jimboni New York, na Pasadena huko California vilikuwamo pia. Mwalimu aliingia wodini na kikundi kidogo cha wanafunzi, kila mwanafunzi akakabidhiwa mgonjwa mmoja au wawili, na kazi ilipokwisha waliketi pamoja kuulizana sababu ya kila walilotenda. Wakaja wanawake walioolewa, wakaja mama wa watoto, wakaja wanaume, watu ambao shule nyingi za hospitali ziliwafungia mlango. Walipokalia mtihani wa serikali hawakuwa nyuma ya wenzao wa miaka mitatu.

Sasa ndipo ugomvi ulipozaliwa. Mwezi wa Desemba 1965 Chama cha Wauguzi cha Marekani kilitangaza, katika jarida lenye kusomwa na wauguzi nchi nzima, kwamba daraja la juu la kazi hii litahitaji shahada ya miaka minne, na daraja la fundi litahitaji ile ya miaka miwili. Shule za hospitali hazikupewa nafasi katika mpango huo, ilhali wakati ule sehemu kubwa sana ya wauguzi wa nchi ile walikuwa wamefuzu humo. Fikiri, ewe msomaji, hali ya mwanamke aliyekesha wodini miaka ishirini, aliyepokea watoto na kuwafumba macho wafu, akisoma katika waraka wa chama chake mwenyewe, anachokilipia ada, kwamba elimu yake haina mahali! Wenye shule wakapiga kelele kwa ajili ya shule zao, wenye hospitali kwa ajili ya watumishi wao, na wahitimu wa miaka miwili nao wakakasirika, kwa kuwa walikuwa wamekalia mtihani ule ule, wana leseni ile ile, na wodini wanakabidhiwa wagonjwa wale wale, lakini kwenye karatasi wameshushwa daraja.

Mimi naona chama kilisema kweli kuhusu mahali pa kufundishia, kikakosa insafu katika kuwapanga watu. Tena hakikuwa na uwezo wa kulitimiza lililosemwa, maana leseni hutolewa na majimbo. North Dakota peke yake ililifanya sharti la miaka minne kuwa kanuni, mwaka 1987. Mwaka 2003 ikaliondoa. Shule za hospitali zilikufa polepole, si kwa waraka bali kwa gharama, na pengo lao likajazwa kwa wingi na vyuo vya jumuiya, yaani na wale wale walioitwa mafundi.

Mengine ni ya juzi. Mwaka 2003 mtafiti Linda Aiken na wenzake, waliochunguza hospitali za Pennsylvania, walionyesha kwamba palipo na wauguzi wengi zaidi wa shahada ya miaka minne wagonjwa waliopasuliwa walikufa kwa uchache. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikataka wauguzi wa namna hiyo wafike asilimia 80 ifikapo 2020. Mwaka 2017 New York ikapitisha sheria ya kumpa muuguzi mpya miaka kumi kuipata shahada hiyo. California mwaka 2024 ilikaribia kuviruhusu baadhi ya vyuo vya jumuiya kutoa shahada ya uuguzi ya miaka minne vyenyewe, gavana akakataa kutia sahihi.

Hivyo elimu aliyoikusudia Montag iwe kamili imegeuka ngazi, na ndugu zetu wameipanda kwa bidii ya kustaajabisha: mtu huanza kwa kuogesha wazee katika nyumba za kuwatunzia, huingia chuo cha jumuiya jioni, hupata leseni, hufanya kazi wodini, kwenye usafishaji wa damu kwa mashine au majumbani mwa wagonjwa, kisha humalizia shahada huku akipokea mshahara, na wapo waliofika hadi kutibu na kuandika dawa kwa ruhusa yao wenyewe. Asiyemalizia hukuta milango imefungwa: jeshi kwa kawaida halimpi uafisa wa uuguzi, na hospitali nyingi kubwa hazimpi usimamizi wa wodi. Kumwita mtu huyu nusu muuguzi, kama nisikiavyo baadhi ya watu wakisema hata huku kwetu juu ya wenye stashahada, ni ujinga wenye kiburi.

Basi wewe unayemwandalia mwanao safari hiyo, kabla hujalipa hata senti moja muulize mkuu wa chuo mambo matatu, na majibu uyatake kwa maandishi: kama masomo yao ya uuguzi yana ithibati, kama wahitimu wao wanaufaulu mtihani wa leseni, na ni chuo kikuu kipi kilichokubali kuyapokea masomo hayo mtoto atakapotaka kuendelea.