Neno "Tea" na Asili Yake

Katika Kiingereza limo neno moja la herufi tatu, "tea", ambalo mwanafunzi hufundishwa mapema sana, na kwa sababu ya ufupi wake aghalabu halifikirii tena. Lakini wewe msomaji, ukiwa mkaaji wa Ikonge katika Kaunti ya Nyamira, huna ruhusa ya kulidharau. Karo ya watoto wengi wa nchi ile imetoka katika michai iliyopandwa kwenye vilima vyake.

Pale Ikonge kitu hiki kina majina matatu. Darasani ni "tea", katika Kiswahili ni chai, na shambani Abagusii huyaita majani yake amachani. Wako vijana wadhanio kwamba "tea" ndilo jina la asili, na kwamba chai ni "tea" iliyoharibiwa na ndimi za wazee wasiokwenda shule. Dhana hiyo ni potovu. Majina hayo mawili ni ndugu, na mama yao ni Mchina.

Wachina wana alama moja ya kuandika mmea huu, ila hawaitamki namna moja. Sehemu kubwa ya nchi yao husema "cha". Watu wa pwani ya Fujian, karibu na bandari ya Amoy, husema "te". Mwanzoni mwa karne ya 17 Waholanzi walianza kupeleka bidhaa hii Ulaya kwa majahazi, nao walifanya biashara na watu wa Fujian. Kwa hiyo jina "te" lilisafiri baharini pamoja na masanduku, likaingia Uholanzi, Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Wareno, waliokuwa na makao yao Macao, walisikia "cha", na hata leo ndivyo wasemavyo. Misafara ya nchi kavu nayo ilichukua "cha". Waajemi wakaifanya "chai", na kwa njia hiyo jina likaenea Urusi, Uturuki na Bara Hindi, hata likafika pwani yetu na kuwa Kiswahili. Basi mzee wa Ikonge asemapo chai haigi Kiingereza kwa namna yoyote. Neno lake lilipita njia nyingine kabisa.

Tena Waingereza wenyewe walianza na jina hili letu! Katika kitabu chao cha mwaka 1598 limeandikwa "chaa". Umbo la "tee" lilikuja katikati ya karne iliyofuata. Hata matamshi hayakuwa ya leo. Mshairi Alexander Pope, aliyekufa mwaka 1744, alilitia vina pamoja na "obey", maana zama zile wengi walitamka "tei".

Maana zake nazo zimezaana. "Tea" ni mmea, ni jani, ni kinywaji, na huko kaskazini ya Uingereza ni chakula cha jioni, hata kama mezani hapana kikombe. Mchuzi mwepesi wa nyama wa kumnywesha mgonjwa uliitwa "tea" ya ng'ombe. Tusiwacheke, kwani na sisi tuna mchaichai, nyasi yenye harufu nzuri isiyo na udugu wowote na mchai. Pia tuna chai idaiwayo na mtumishi mwovu kabla hajagonga muhuri, na hiyo haichemshwi.

Amachani limezaliwa karibu zaidi: ni neno la Kiswahili majani, lililovikwa matamshi ya Kigusii. Mchai ulipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na kwa miaka mingi ulikuwa mali ya walowezi na makampuni makubwa, kama yale ya Kericho, jirani wa Nyamira. Mwafrika mwenye shamba dogo alifunguliwa mlango hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na mwaka 1964 serikali ikaunda shirika la KTDA la kuwahudumia wakulima hao. Jina lililoshika mizizi mashambani, basi, halikutaja kikombe. Lilitaja kile akichumacho mkulima kwa vidole vyake.

Na hapa pana jambo la fedha. Mnada wa chai wa Mombasa, ulioanzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamishwa mwaka 1969, hutaja bei ya "tea" kwa kilo, kwa dola. Mkulima asikiapo bei hiyo redioni hukumbuka kilo alizopima kituoni, akafanya hesabu, akajiona ameibiwa kwa kiasi kisichosemeka. Lakini "tea" ya mnadani ni ile iliyokaushwa kiwandani, na kilo moja yake hutaka yapata kilo nne na nusu za majani mabichi. Tuseme mnada umetoa dola 2 na senti 25: kilo ya amachani imezaa senti 50 tu, kabla ya kutoa gharama za kuni, umeme, mishahara na usafiri. Huenda bado mkulima amepunjwa, na ana haki ya kuuliza. Ila aulize kwa hesabu ya majani, akitaka aonyeshwe kila senti iliyotoka katika zile 50 na mahali ilikokwenda.