Boniface Mwangi
Boniface Mwangi (alizaliwa Taveta, 10 Julai 1983) ni mpigapicha wa habari na mwanaharakati kutoka nchini Kenya.

Alijulikana kwa picha za ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, alizopiga akiwa na gazeti la The Standard. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu walikimbia makwao.

Tarehe 1 Juni 2009, katika sherehe za Madaraka uwanjani Nyayo, alimzomea Rais Mwai Kibaki akihutubia, akakamatwa na kupigwa. Mwaka huohuo alianzisha Picha Mtaani, maonyesho yaliyotandaza picha hizo barabarani katika miji ya Kenya badala ya kumbi za sanaa. Waliozitazama wengi walikuwa wameshuhudia ghasia zenyewe, hivyo maonyesho yaliambatana na mijadala ya amani.

Mwaka 2011 alianzisha Pawa254 jijini Nairobi, ambapo vijana hujifunza kusimulia matatizo ya jamii kwa picha, filamu na sanaa nyingine. 254 ni namba ya simu ya kimataifa ya Kenya. Filamu ya Softie (2020) ya Sam Soko inafuatilia kampeni yake ya ubunge wa Starehe mwaka 2017, ambayo alishindwa, na jinsi ilivyoigharimu familia yake.