Degedege

Neno hili, ambalo wazee wa mwambao hulitamka kwa sauti ya chini mbele ya mama mwenye mtoto mchanga, limetokana na dege, yaani ndege mkubwa. Kwani katika itikadi za kale ilisadikiwa kwamba mtoto anayekakamaa ghafula, macho yakampinduka na viungo vikamtetemeka, amepitiwa na ndege wa usiku, au nondo, au pepo aliyejitia umbo lake. Lugha haina hatia kwa kuhifadhi itikadi hiyo. Lakini jina likishataja pepo, fikra huelekea kwa mganga, na huko Bagamoyo wazazi wengi waliogopa hata sindano, wakidhani kwamba mwenye degedege akidungwa hufa.

Tabibu naye hulitumia neno lilo hilo, ila kwa maana ya mtukutiko wa maungo uletwao na homa, ambao huwapata hasa watoto wa baina ya miezi 6 na miaka 5, na ambao katika nchi zetu huenda ukawa dalili ya malaria iliyofika ubongoni, maradhi yasiyongoja hata usiku mmoja. Basi mtoto na alazwe ubavu, mbali na jiko, asitiwe kijiko wala dawa kinywani, asikandamizwe, kisha apelekwe hospitali upesi apimwe damu.

Silioni neno hili kuwa la kufutwa: lafahamika na kila bibi, na muuguzi aliulizapo mlangoni hupata jawabu kwa haraka kuliko kwa istilahi yoyote mpya.