Kutoka Mali Kauli hadi Mali Kimya

Katika vijiji vya mdomo wa Ruvuma, Mahurunga ikiwamo, malalamiko kuhusu simu huwa na sura moja. Salio lililowekwa asubuhi limepungua kabla mwenyewe hajapiga simu hata moja. Akiuliza, anaambiwa kwamba amejiunga na huduma fulani: habari za michezo, mafundisho ya dini, vichekesho, au wimbo anaousikia anayempigia. Siku za mwanzo zilikuwa bure. Zilipokwisha, kwa kuwa hakukataa, alihesabiwa kuwa amekubali. Mjini jambo hilohilo huvaa nguo nyingine. Kijana anaandika namba za kadi yake ya benki ili apate mwezi mmoja wa bure wa filamu, mwezi unakwisha, na fedha zinaanza kukatwa.

Wengi huuita mchezo huu utapeli, na mara nyingine ni utapeli kweli. Lakini neno hilo lina kasoro moja: linatufanya tumtafute mwizi mahali ambapo mara nyingi tungekuta mkataba. Makato mengi ya namna hii yana masharti yaliyoandikwa mahali fulani, na mkataji anaweza kuyaonyesha. Kwa hiyo mwanahistoria ana swali lake la kuuliza: ni tangu lini kunyamaza kwa mnunuzi kukawa ndiyo kukubali kwake? Hoja yangu ni kwamba kanuni hii ina umri mdogo, ina mahali ilipozaliwa, na inapingana na namna biashara ya mkopo ilivyoeleweka katika pwani yetu kwa muda mrefu.

Tuanze na pwani yenyewe. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Kilwa, Lindi na Mikindani iliendeshwa kwa mkopo. Mwenye mtaji alitoa nguo, shanga na bunduki. Mpokeaji alikwenda bara na kurudi na pembe, sandarusi au mpira, na katika miaka mingi, watumwa. Mkopo wa namna hiyo uliitwa mali kauli. Jina lenyewe linaeleza msingi wake: mali ilitolewa kwa neno. Deni lilizaliwa pale mtu alipofungua kinywa mbele ya mtu mwingine na kusema atarudisha nini. Ndiyo maana methali yetu inasema ahadi ni deni. Kinachomfunga mtu ni kile alichotamka.

Sitaki kuipamba biashara hiyo. Mali kauli ilibeba dhuluma nyingi. Riba ilifichwa ndani ya bei, wenye madeni walinaswa kwa miaka, na faida kubwa ilimrudia mwenye mtaji. Hata hivyo, mdaiwa aliyeonewa alijua mambo matatu: nani anamdai, anadai nini, na deni lilianza siku gani. Kwa maarifa hayo aliweza kubishana, kutafuta wasuluhishi, au hata kutoroka.

Mrithi wa mfumo huo yupo Mtwara hadi leo, nao ni kangomba. Mnunuzi hupita vijijini wakati wa dhiki, kabla ya korosho kuvunwa, akatoa fedha kidogo ili alipwe korosho nyingi msimu ukifika. Serikali imepambana na kangomba kwa miaka mingi, na mwishoni mwa 2018, iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilifanya uhakiki wa wakulima ikilenga pia kuwabaini wanunuzi hao. Kangomba ni unyonyaji wa wazi. Lakini neno “wazi” lina uzito wake hapa, kwa sababu mkulima anayeuza kwa kangomba anajua kwamba anaumia, na anajua ni nani anayemuumiza.

Basi ukimya uliingia wapi? Ulizaliwa katika biashara ya posta nchini Marekani. Mwaka 1926 ilianzishwa Book-of-the-Month Club, chama cha wasomaji waliopelekewa vitabu nyumbani. Kila mwezi mwanachama alipata taarifa ya kitabu kilichochaguliwa. Asipokitaka, alipaswa kurudisha kadi ya kukikataa kabla ya siku iliyowekwa. Asiporudisha, kitabu kilikuja pamoja na ankara. Mwaka 1955 Columbia House ilichukua mtindo uleule kwa sahani za muziki. Wafanyabiashara hao walikuwa wamegundua jambo kuhusu tabia ya binadamu: wanaosahau kukataa ni wengi kuliko wale ambao wangekumbuka kuomba. Usahaulifu ukawa bidhaa.

Malalamiko yalipozidi, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitunga kanuni mwaka 1973 ikiwataka wauzaji wa namna hiyo waeleze masharti waziwazi. Intaneti ilipofika, kadi ya posta haikuhitajika tena, kwa kuwa namba za kadi ya benki zilikuwa tayari mkononi mwa muuzaji. Bunge la Marekani likapitisha sheria nyingine mwaka 2010, iliyodai ridhaa ya wazi ya mteja na njia rahisi ya kujitoa. Mwaka 2024 Tume ilitunga kanuni kwamba kujitoa kuwe kwepesi kama kujiunga, lakini mahakama ya rufani ikaitengua Julai 2025. Septemba mwaka huohuo Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 ili kumaliza shauri lililodai kwamba iliwaingiza watu katika huduma yake ya Prime bila ridhaa ya kweli na kuwawekea vikwazo walipotaka kutoka. Ulaya ilitangulia katika baadhi ya mambo: mwongozo wake wa mwaka 2011 ulimpa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia, na ukakataza malipo ya ziada yanayotegemea kisanduku ambacho muuzaji amekwisha kukitia alama kwa niaba ya mteja.

Sasa turudi Ruvuma, maana wakazi wengi wa Mahurunga hawana kadi ya benki. Ukimya ulifikaje kwao? Ulipita katika vocha.

Zamani simu za mezani zilileta ankara baada ya matumizi. Aliyeona ameandikiwa simu asiyoipiga aliweza kugoma kulipa kwanza, kisha kampuni ndiyo ihangaike kuthibitisha. Simu za mkononi zilianza nchini katikati ya miaka ya 1990, na ushindani ukapamba moto baada ya Vodacom kuingia mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001. Zilisambaa hadi vijijini kwa sababu ya malipo ya kabla, yaliyomwezesha mtu asiye na mshahara kumiliki namba ya simu kwa kununua vocha ndogo. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli, na sina nia ya kuyabeza.

Lakini malipo ya kabla yaligeuza pia mahali pa kusimama. Fedha zikawa zimekwisha kuingia katika nyumba ya muuzaji kabla ya huduma kutolewa. Kukitokea ubishi, anayedai ni mteja, na anayemdai ndiye mwenye daftari. Ankara nayo ikatoweka, na pamoja nayo karatasi ambayo mtu angeweza kumwonyesha jirani, mwalimu au diwani. Salio lilipoanza kutumika kununulia maudhui kwa namba fupi, kampuni ya simu ikigawana mapato na mtoa maudhui, mlango ulikuwa wazi. Siku tatu za bure, kisha shilingi mia moja kwa siku, kutoka mfuko ambao mwenyewe hauoni ukifunguliwa.

Watu wa mdomo wa Ruvuma wana sababu yao ya kulielewa jambo hili. Kionga, ng'ambo ya mto, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, ikatwaliwa na Wareno mwaka 1916, na baada ya vita ikabaki upande wa Msumbiji. Wakazi wake hawakuulizwa. Kuendelea kuishi walipokuwa wakiishi kulitosha kuwafanya raia wa dola nyingine. Hata leo mawimbi ya simu hayafuati mto. Mtu aliye ukingoni, upande wa Tanzania, simu yake huweza kunasa mnara wa upande wa pili, na viwango vya nchi nyingine vikamfuata bila yeye kuvuka maji.

Je, sheria haipo? Ipo. Tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake za kumlinda mlaji. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mnunuzi taarifa za bei na masharti, tena inadhibiti matangazo yanayotumwa kwa watu wasioyaridhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo imeipa ridhaa uzito mkubwa. Tunayo Mamlaka ya Mawasiliano, lipo baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, na ipo Tume ya Ushindani. Tatizo ni hesabu. Aliyekatwa shilingi mia moja hatapanda bodaboda kwenda Mtwara mjini kuzidai. Akipiga simu ya huduma kwa wateja, muda anaoupoteza una thamani kuliko alichopoteza. Sheria inayosubiri malalamiko ya mtu mmojammoja imejengwa kwa ajili ya hasara kubwa za watu wachache, na hapa tuna hasara ndogo za watu wengi.

Historia yetu ya karibuni inathibitisha hilo kwa upande wa pili. Mwaka 2013 Bunge lilipoweka kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu, nchi nzima ilipiga kelele na kodi ikaondolewa. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi ziliposhangaza watu, Serikali ilizisitisha haraka. Tozo ya miamala ilipoanza Julai 15, 2021, ilipunguzwa kwa asilimia 30 kufikia Septemba. Katika matukio yote matatu makato yalikuwa na jina, kiwango na siku ya kuanza, tena yaliwagusa wote kwa pamoja. Makato yaliyoonekana yalizaa siasa. Makato ya siri, yanayomfikia kila mtu kwa siku yake na kwa jina lake, huzaa manung'uniko tu, na kila mnung'unikaji hudhani ni uzembe wake mwenyewe wa kutosoma ujumbe.

Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi wangu kwamba ushauri wa “soma masharti kabla ya kukubali” ni mzuri kwa mtu binafsi, lakini haufai kuwa sera ya nchi. Unamwachia mkulima wa mpunga kazi ya kukumbuka, huku kampuni ikilipwa kwa kusahau kwake. Sera inayofaa inageuza mzigo huo. Jaribio la bure lifikapo mwisho, life lenyewe, na malipo yaanze pale tu mteja atakapotamka tena kwamba anataka kuendelea. Kila makato yaambatane na ujumbe wa Kiswahili unaotaja huduma, kiasi na neno la kujitoa, na kujitoa kusigharimu chochote. Ikithibitika kwamba huduma iliwaunganisha watu bila ridhaa, wote warudishiwe fedha kwa mkupuo bila kusubiri kila mmoja ajitokeze, kwa kuwa orodha ya waliokatwa ipo katika mitambo ileile iliyowakata.

Hili la mwisho liko mikononi mwa watumishi wa umma wanaosoma hapa. Katika vyama vya msingi vya korosho, pamoja na migogoro yake yote, makato ya kila kilo husomwa mbele ya wanachama, na mkulima anaweza kusimama na kuuliza fedha ya gunia au ya usafiri imekwenda wapi. Hakuna sababu ya kiufundi inayozuia makato ya huduma za simu yachapishwe hadharani kila robo mwaka: huduma ipi, wateja wangapi, wangapi walijiunga kupitia siku za bure, na wangapi walijitoa mara tu walipoanza kukatwa. Mdhibiti akiitazama safu hiyo ya mwisho, atajua bila kusubiri malalamiko ni huduma zipi zinazoishi kwa matakwa ya wateja, na zipi zinazoishi kwa ukimya wao.