Ombi la Habari: Istilahi na Mwendo Wake katika Ofisi za Umma za Meru na Embu

Ombi la habari ni andiko ambalo kwalo raia huitaka taasisi ya umma impe habari inayoihifadhi, na msingi wake nchini Kenya ni Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 pamoja na Sheria ya Kupata Habari, Nambari 31 ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Septemba 21 mwaka huo. Neno habari, ambalo katika mazungumzo ya kila siku huwa salamu au matukio yanayotangazwa redioni, limepanuliwa hapa likajumuisha kumbukumbu zote zilizo mikononi mwa taasisi, ziwe katika jalada au katika kompyuta, bila kujali zilitoka wapi wala ziliandikwa lini. Watanzania, ambao sheria yao ya aina hiyo ilitungwa mwaka uo huo, hupendelea neno taarifa. Hata hivyo, kwa kuwa taarifa huelekea kueleweka kama maelezo yaliyokwisha kuandaliwa, neno habari linafaa zaidi pale raia anapodai barua, hati ya malipo au kumbukumbu za kikao jinsi zilivyo.

Neno ombi nalo linahitaji uangalifu, kwani huambatana na unyenyekevu wa mtu anayetegemea hisani, ilhali sheria haikuacha nafasi ya hisani. Mwombaji halazimiki kueleza sababu, na haki yake haipunguzwi na dhana ya afisa kuhusu nia yake. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada, ingawa gharama ya kunakili na kupeleka nyaraka inaweza kudaiwa. Kwa maana hiyo, ombi la habari liko karibu zaidi na dai kuliko na maombi ya kazi au ya msaada.

Anayelipokea ni afisa wa kupata habari, wadhifa ambao sheria imemkabidhi afisa mkuu mtendaji wa kila taasisi, naye anaweza kumkasimia mwingine. Katika kaunti, Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaagiza pia kuteuliwa kwa ofisi ya kushughulikia jambo hili. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, jambo lenye uzito katika maeneo ambako wazee wengi hujieleza vizuri zaidi kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Mzee wa Siakago asiyejua kuandika hapaswi kurudishwa nyumbani akatafute mwandishi, kwa sababu afisa mwenyewe ana wajibu wa kuliandika ombi lake na kumpa nakala.

Mkanganyiko hutokea mara nyingi kuhusu ofisi ipi inashika habari ipi. Mkazi wa Igembe au Tigania, ambako ukusanyaji na ugawaji wa mashamba umezaa mizozo ya miaka mingi, anaweza kulipeleka makao makuu ya Kaunti ya Meru ombi la kuona daftari la wamiliki, kumbe daftari hilo liko kwa maafisa wa ardhi wa serikali ya kitaifa. Katika hali hiyo ombi halifi: huhamishiwa taasisi inayohusika ndani ya siku 5. Kinyume chake, mkazi wa Runyenjes anayetaka kujua thamani ya kandarasi ya Kaunti ya Embu, jina la mkandarasi na muda wa kukamilisha kazi, anauliza jambo ambalo taasisi ilipaswa kulichapisha yenyewe mara tu mkataba ulipotiwa saini. Wajibu huo huitwa utoaji habari bila kuombwa.

Uamuzi hutolewa ndani ya siku 21 tangu ombi lipokewe, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini, na muda unaweza kuongezwa mara 1 tu kwa siku zisizozidi 14 pale habari inapokuwa nyingi. Ndiyo maana muhuri wa masjala wenye tarehe, ukigongwa juu ya nakala ya mwombaji, una thamani ya ushahidi. Afisa anaweza kukataa kwa sababu kama usalama wa taifa au faragha ya mtu mwingine, lakini mahakama inaweza kuamuru habari itolewe ikiwa manufaa ya umma yanazidi madhara.

Afisa asipojibu, ombi huhesabiwa kuwa limekataliwa. Wazo hili huenda ndilo gumu zaidi kulizoea katika utamaduni wa ofisi, ambako jalada lisilojibiwa husemekana bado linashughulikiwa. Kisheria, kimya hicho ni uamuzi, na mwombaji ana siku 30 za kuupeleka mbele ya Tume ya Haki ya Utawala, maarufu kwa jina la Ombudsman, ambayo ina mamlaka ya kuagiza habari itolewe.