Shule za msingi za Kikristo mjini Goma

Shule za msingi za Kikristo mjini Goma ni shule za miaka 6 zinazoendeshwa na makanisa katika makao makuu ya mkoa wa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nyingi ni shule za mkataba: serikali huweka mtaala, hukagua masomo na kulipa walimu walio katika orodha yake, nalo kanisa husimamia shughuli za kila siku. Kwa Wakatoliki msimamizi ni Jimbo Katoliki la Goma. Kwa Waprotestanti ni jumuiya za Kanisa la Kristo katika Kongo, ikiwemo CBCA, jumuiya ya Kibaptisti yenye makao yake Goma kwenyewe. Zipo pia shule binafsi za Kikristo, ambazo hujiendesha kwa karo.

Historia

Mwaka 1974 serikali ya Rais Mobutu ilitaifisha shule za makanisa na kuliondoa somo la dini. Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 uliwarudishia Wakatoliki, Waprotestanti na waumini wa Kanisa la Kimbangu usimamizi wa shule zao, zikabaki kuwa shule za umma. Ndiyo maana elimu ya msingi ya bure, iliyoahidiwa katika kifungu cha 43 cha katiba ya 2006 na kuanza kutekelezwa Septemba 2019, inazihusu pia. Kabla ya hapo wazazi walichangia malipo ya walimu, yaliyoitwa “motisha”. Michango ilipofutwa watoto walifurika madarasani, huku walimu wengi wakiwa bado hawajaingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali.

Mtaala

Masomo yamegawanywa katika ngazi 3 za miaka 2 kila moja. Katika miaka ya kwanza mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, lugha anayoizungumza nyumbani na sokoni, huku akizoeshwa Kifaransa, ambacho baadaye huwa lugha ya kufundishia. Husoma lugha, hisabati, sayansi na teknolojia, historia na jiografia, uraia na maadili, afya, sanaa na michezo. Dini ina vipindi vyake na siku huanza kwa sala, lakini milango iko wazi kwa watoto wa imani zote. Mwaka wa 6 humalizika kwa mtihani wa kitaifa, ENAFEP, uliokuwa ukiitwa TENAFEP, na anayefaulu hupata cheti cha elimu ya msingi.

Msaada kwa wanafunzi

Goma ni mji uliojengwa juu ya mawe ya volkano, na vyumba vingi vya madarasa ni vya mbao. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima wa volkano Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, ikaharibu shule kadhaa pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mlima ulilipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Wakati wa mlipuko wa Ebola, mwaka 2019, kunawa mikono langoni kukawa sehemu ya ratiba ya shule. Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliuteka mji na masomo yakasimama kwa muda.

Katika mazingira hayo, sare ya buluu na nyeupe, daftari na chakula ndivyo humwezesha mtoto kukaa darasani. Mfano unaojulikana sana ni kituo cha Don Bosco Ngangi cha shirika la Kikatoliki la Wasalesiani. Huko shule ya msingi, mafunzo ya ufundi na malezi ya yatima na watoto wa mitaani viko katika uwanja mmoja, na uwanja huohuo umepokea maelfu ya wakimbizi wa ndani. Kwa waliopitwa na umri wa kuanza shule kuna mfumo wa kitaifa wa masomo ya kufidia, unaobana miaka 6 kuwa 3.

Mtoto aliyekimbia vita mara nyingi hufika bila buletini (ripoti ya matokeo ya shule) wala sare, na huenda hajashika kalamu kwa mwaka mzima. Mtaala unamhesabu kuwa wa darasa fulani. Msaada ndio unaomfikisha kwenye dawati la darasa hilo. Kwa hiyo katika shule hizi kufundisha na kumtunza mtoto ni kazi moja.