Admirali Aliyetolewa Kafara

Tarehe 14 Machi 1757, huko Portsmouth, mzee wa miaka 52 alipiga magoti juu ya takia kwenye sitaha ya manowari Monarch. Mkononi alishika leso. Leso ikianguka, wanajeshi wafyatue. Ikaanguka. Hivyo ndivyo Uingereza ilivyomuua admirali wake, John Byng.

Byng hakuwa mtoto wa kapuku. Babake, George Byng, aliwachapa Wahispania baharini mwaka 1718, na mwaka huohuo kijana akaingia jeshi la wanamaji akiwa na miaka 13. Kwa jina kama hilo, vyeo havikukawia. Kufikia 1745 alikuwa admirali.

Sasa ngoja, maana kesi yake inaanzia hapo. Mwaka 1744, pale Toulon, Waingereza waliboronga vita. Kamanda wao, Mathews, alishtakiwa kwa kuvunja mstari wa meli zake akiwakimbilia maadui, akafukuzwa kazi. Byng alikuwa mmoja wa waliomhukumu. Lakini mwaka 1745, luteni kijana kwa jina Baker Phillips alisalimisha meli baada ya kapteni wake kuuawa. Yeye alipigwa risasi. Watu wakauliza: mbona mdogo anakufa na wakubwa wanaenda tu nyumbani? Bunge likakaza sheria. Ofisa wa cheo chochote asiyefanya kila awezalo vitani, adhabu yake kifo. Majaji hawakuachiwa nafasi ya kupunguza.

Nani angepinga? Hatimaye wakubwa nao wangeguswa.

Kisha ikaja 1756. Wafaransa walikitaka kisiwa cha Minorca, katika Mediterania. Serikali ya Duke wa Newcastle ilizubaa, halafu ikamtuma Byng na meli 10 zenye mabaharia pungufu. Alipofika, Wafaransa walikuwa wameshateremka na kuizingira ngome ya St Philip. Tarehe 20 Mei walikabiliana baharini. Meli zake za mbele zilipigwa vibaya, Intrepid ikapoteza mlingoti, mstari ukavurugika. Byng, ambaye yaliyompata Mathews aliyajua vizuri, hakuthubutu kuuacha mstari akimbilie mbele. Wafaransa wakajiendea. Siku 4 baadaye, yeye na maofisa wake wakaamua kurudi Gibraltar. Mwishoni mwa Juni, ngome ikasalimu amri.

London ikawaka moto. Serikali ilichapisha barua ya Byng kwenye gazeti rasmi, lakini sehemu zilizomtetea zilikuwa zimekatwa. Wananchi wakasoma kipande, wakachoma sanamu zake mitaani. Hasira ambayo ingewafikia waliochelewesha meli ikapata pa kutulia.

Mahakama ya kijeshi ilisema Byng si mwoga wala msaliti. Ila hakufanya kila awezalo, na kwa kosa hilo sheria ilijua adhabu moja tu. Majaji haohao waliomhukumu wakamwomba Mfalme George II amsamehe. Akakataa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Byng alikosea. Aliondoka Minorca mapema mno, akawaacha wanajeshi ngomeni wajipiganie. Kufukuzwa kazi kungemfaa. Lakini kosa lake lilikuwa moja katika mlolongo mrefu, na mlolongo wote ukafungwa shingoni mwake.

Ndiyo maana kisa hiki hakijanitoka. Sheria ile ilizaliwa na kilio cha haki, ati wakubwa waache kuponyoka. Ikamnasa mkubwa mmoja, naye akawa ngao ya waliomzidi. Ukali wa sheria haukusaidia kitu, kwa sababu aliyechagua nani asimame kizimbani alikuwa yuleyule aliyestahili kuulizwa maswali.

Mwaka 2007 jamaa za Byng waliomba asafishwe jina. Serikali ikakataa.

Na Newcastle? Aliangushwa madarakani Novemba 1756. Byng hakuwa amemaliza miezi 4 kaburini, Duke akarudi kuwa waziri mkuu.